Mguu Ukifa Ganzi, Usiulaumu Mguu

Siku hizi Idd haipiti mjini petu bila ya kusikika mlio wa magurudumu. Zamani mtoto wa Pwani alishonewa kanzu au gauni, akanunuliwa kofia na makubadhi, akapewa na vijisenti vyake vya kupandia pembea, na hapo furaha yake ilikuwa imetimia. Leo, juu ya hayo yote, wako wanaodai viatu vya magurudumu. Wazazi wenye uwezo huwanunulia vipya madukani, na wengine huenda Kongowea wakavitafuta katika mitumba. Jioni utawaona watoto hao kwenye lami, wakiteleza kama ngalawa iliyopata upepo.

Mimi sina ugomvi na mchezo huu. Ni mchezo mzuri, hunyoosha viungo, humfunza mtoto kujimiliki, na afadhali mara mia mtoto anayeanguka na kuinuka akicheza kuliko anayeshinda ameinamia simu. Ugomvi wangu ni na neno moja tu ambalo nalisikia kila mtoto anapolalamika kwamba miguu yake imekufa ganzi ndani ya viatu hivyo. Neno lenyewe ni hili: "Vumilia, vitalegea."

Hapana shaka uvumilivu ni sifa njema, na sisi tumelelewa kuambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini mbivu huliwa na aliyeungoja mti unaozaa. Kiatu cha plastiki ngumu hakizai kitu mguuni ila sugu na malengelenge. Nataka kusema wazi tangu mwanzo, ili msomaji asije akadhani natafuta maneno: ganzi ndani ya kiatu haina maana kwamba mguu unakizoea kiatu. Ina maana kwamba kuna mshipa unaobanwa. Na mtu mzima anayemwambia mtoto avumilie hali hiyo amemfunza jambo baya, kwamba asiuamini mwili wake mwenyewe.

KIATU CHA KALIBU YA WENGINE

Viatu hivi si vya jana. Katika miaka ya 1760 fundi mmoja Mbelgiji, John Joseph Merlin, alivionyesha mjini London. Mwaka 1863 Bwana James Plimpton wa New York alipata hati ya kiatu chenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, kilichomwezesha mtu kupiga kona kwa kuegemea upande tu. Hicho ndicho baba wa viatu vyenye magurudumu manne tunavyoviona leo. Vile vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja vilienea baada ya mwaka 1980, pale ndugu wawili wa Minnesota, Scott na Brennan Olson, walipoanza kuvitengeneza ili wachezaji wa hoki ya barafu waweze kufanya mazoezi wakati wa joto. Hata hapa Kenya, nchi ya jua, uwanja wa barafu ulifunguliwa Nairobi mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, na vijana wetu wakajifunza hoki humo.

Sasa, kiatu kiwe cha magurudumu au kiwe cha chuma cha kukatia barafu, jambo moja ni lile lile. Mguu hutiwa ndani ya gamba gumu, ukafungwa kwa gidamu na bizimu kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, ili kiatu na mguu viende pamoja. Na gamba hilo limetengenezwa juu ya kalibu iliyochongwa mbali na hapa, kwa kukisia mguu wa watu wa huko.

Wazee wetu walivaa makubadhi, ndara na mitalawanda. Hivyo ni viatu vilivyo wazi mbele, na vidole hujitanua vitakavyo. Mguu uliokulia humo huwa mpana mbele, na vidole vyake huachana. Hili si jambo la kuona haya, wala si upungufu. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha matokeo ya kulinganisha miguu ya watu waendao peku na ya watu waliozoea viatu, akaona kwamba ule wa peku ndio uliobaki na umbo lake la asili, na kwamba kiatu ndicho kinachoukusanya mguu mbele na kuufanya mwembamba. Basi mtoto wa kwetu anayekaa mwaka mzima na ndara, kisha siku moja akautia mguu wake katika gamba jembamba, si ajabu akilalamika. Ajabu ingekuwa kama angenyamaza.

KILICHOMO MGUUNI

Mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Kwa mtoto, sehemu ya mifupa hiyo bado ni gegedu, na huendelea kukomaa mpaka ujanani. Ndiyo sababu mguu wa mtoto hukubali kukunjwa na kiatu bila ya mwenyewe kupiga kelele sana. Mtu mzima angelia, mtoto hukunja uso kidogo akaendelea na mchezo.

Sasa, msomaji wangu, pitisha kidole chako juu ya mgongo wa mguu, pale kamba za kiatu zinapokaa. Utahisi ngozi, halafu mfupa. Nyama ni kidogo mno. Hapo ndipo inapopita mishipa ya fahamu, ambayo madaktari huiita neva, pamoja na mishipa ya damu iendayo vidoleni. Neva mojawapo huenda mpaka kwenye ngozi iliyo baina ya kidole gumba na kidole kinachofuata. Kamba zikikazwa sana juu yake, au ulimi wa kiatu ukijikunja, ngozi ile hufa ganzi. Kwa hiyo mtoto akisema kwamba hasikii kitu baina ya vidole hivyo viwili, usitazame vidole. Tazama kamba za juu.

Ikiwa kiatu kinabana kutoka ubavuni, ganzi huingia mahali pengine, aghalabu baina ya kidole cha tatu na cha nne. Hapo mtu huhisi moto, au kama kwamba amekanyaga kijiwe. Daktari Thomas Morton wa Philadelphia aliandika habari za maradhi haya mwaka 1876, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Kubanwa huko kukirudiwa mwezi baada ya mwezi, neva huweza kuvimba ikawa donda ndugu la maumivu, ambalo halitibiki kwa kuvua kiatu peke yake.

Liko pia jambo la tatu, na ni haki kulitaja ili tusiwatie wazazi hofu ya bure. Anayeanza kujifunza huogopa kuanguka, naye hukunja vidole kama ndege aliyeshika tawi. Misuli ya wayo huchoka, na upinde wa mguu huuma. Uchovu huo huja polepole, hupoa mtu akipumzika, na hupungua kila anapozidi kujua mchezo. Huo unaweza kuvumiliwa. Lakini ganzi inayoingia dakika chache baada ya kufunga kamba, na kila siku mahali pale pale, hiyo ni kazi ya kiatu.

Isitoshe, kuna joto letu. Katika joto miguu huvimba, na mtu akisimama au akicheza huvimba zaidi. Kiatu kilichomkaa mtoto vizuri asubuhi huweza kumbana baada ya Alasiri. Anayenunua kiatu cha namna hii asubuhi ameununulia mguu ambao jioni hatakuwa nao.

KIKUBWA NDICHO KINACHOBANA

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo wengi hawaliamini wanapoambiwa. Ganzi nyingi haziletwi na kiatu kidogo. Huletwa na kiatu kikubwa.

Kijana mmoja wa jirani yangu, mwenye miaka 10, nilimkuta ameketi barazani, viatu viko kando, anasugua vidole.

"Una nini, babangu?" nikamwuliza.

"Vidole sivisikii, ami. Vimekufa ganzi."

Mamake akajibu kutoka ndani, "Mwache huyo, ami yake. Vipya hivyo, vitalegea."

Nikamwomba avivae tena, asimame, asogeze mguu mbele mpaka vidole viguse ncha ya kiatu. Nyuma ya kisigino kukabaki nafasi ya kuingia vidole vyangu vitatu. Mamake alipotoka akaona mwenyewe, alishangaa. Aliyewauzia alikuwa amewaambia wachukue namba mbili zaidi, ili viatu vimfae mtoto mpaka Idd tatu zijazo. Shauri la namna hiyo hutolewa kila siku, na kwa kanzu ni shauri zuri, kwani upindo wa kanzu hushushwa mwaka hadi mwaka. Kiatu hakina upindo.

Ebu tazama linalotokea. Kiatu kikiwa kikubwa, kisigino huinuka na mguu hucheza ndani. Mtoto huona kwamba kiatu hakimtii, naye huvuta kamba kwa nguvu zake zote ili kukishika. Kamba zinapokazwa hazipunguzi urefu wa kiatu hata kidogo. Hugandamiza mgongo wa mguu, pale pale penye neva. Wakati huo huo vidole hukunjwa ili kung'ang'ania sakafu. Hivyo mtoto amebanwa juu, amechoka chini, na kiatu bado kimempwaya. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto anabanwa, mwaka unaofuata humnunulia kikubwa zaidi! Na soksi mbili nene zinazoongezwa ili kujaza nafasi hukaza mambo zaidi, kwa sababu hukusanya jasho na kujikunja.

Yule kijana viatu vyake vilibadilishwa, akapata namba mbili chini. Hakuhitaji kuvumilia kitu.

MGUU UPIMWE

Namba iliyoandikwa kwenye kiatu isimtulize mtu. Waingereza hupanda namba moja kwa theluthi ya inchi. Watu wa bara Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Namba 5 ya Kiingereza hukaribia 38 ya Ulaya, na Wamarekani wana hesabu yao nyingine, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali. Katika rundo moja la mtumba zimo zote. Sentimita peke yake ndiyo isiyodanganya, na viatu vingi vya magurudumu huandikwa sentimita kwenye ulimi au chini ya soli ya ndani.

Basi fanya hivi, wala hutahitaji fundi. Baada ya Alasiri, weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta. Mwambie mtoto asimame juu yake na kisigino ukutani, uzito wake wote uwe juu ya miguu yake. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, nacho huenda kikawa cha pili wala si kidole gumba. Pima kutoka ukutani mpaka alama. Pima mguu wa pili vile vile, maana ni watu wachache ambao miguu yao yote miwili ni sawasawa. Ule mrefu ndio wa kufuatwa. Pima na upana pia, mahali mguu unapotanuka.

Dukani au sokoni, mtoto avae soksi moja nyembamba. Agonge kisigino nyuma kwanza, ndipo afunge kamba. Akisimama wima, vidole viguse ncha ya kiatu kidogo tu bila ya kukunjwa. Akipinda magoti kama mchezaji, virudi nyuma kidogo na kisigino kisiinuke. Ikiwa bitana ya ndani inatoka, itoe, autie mguu ndani ya gamba tupu, vidole viguse mbele, kisha upime nyuma ya kisigino. Nafasi ya kidole kimoja yatosha. Ikiingia vidole vitatu, rudisha. Ikiwa gamba lenyewe linamgusa ubavuni, rudisha vile vile, kwa sababu bitana hulegea kidogo kwa kuvaliwa, lakini gamba la plastiki halilegei. Kisha mwache akae navyo robo saa amesimama. Ganzi iliyojificha hujitokeza katika muda huo.

Na kamba zina utaratibu wake. Vidoleni zilegezwe, juu ya mgongo wa mguu zikazwe kwa kiasi, na nguvu iwekwe kifundoni, pale penye kumshika mtu asianguke. Wengi hufanya kinyume, wakaanza kukaza tangu chini. Mahali penye maumivu, kamba inaweza kuruka tundu moja kila upande bila ya kuvuka juu, ili neva ipate pumzi. Ulimi wa kiatu uvutwe ukae katikati. Mtoto akishacheza dakika 10, asimame afungue na kufunga upya, kwa maana mguu umekwisha kupata moto na kujaa.

WAUZAJI NA WAKODISHAJI

Nina neno pia kwa wanaouza viatu hivi, na kwa wale wanaovikodisha kwa saa kwenye viwanja vya michezo. Najua biashara ni ngumu, na mwenye jozi kumi hawezi kumfaa kila ajaye. Lakini kumpa mtoto wa namba 3 kiatu cha namba 6, kisha ukamkazia kamba mpaka akakunja uso, si kumsaidia. Mwambie hapana, angoje mwenzake amalize, au arudi siku nyingine. Mteja aliyekataliwa kwa nia njema hurudi. Aliyeumizwa harudi, na huenda akaanguka, kwa kuwa mguu usiosikia haujui unakanyaga wapi.

Kwa wazazi nasema kwamba mguu wa mtoto wa shule huongezeka kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka, na hauna subira na mfuko wetu. Najua uzito wa jambo hili kwa mwenye watoto wanne. Lakini liko suluhisho ambalo tumelijua tangu zamani katika nguo za Idd na vitabu vya shule: kupokezana. Viatu vilivyomwia vidogo Ali vimwendee binamu yake, naye Ali apate vya mkubwa wake, ilimradi kila mmoja apimwe kwanza. Viatu vya magurudumu ni vigumu, hudumu, na huweza kupita miguuni mwa watoto watatu au wanne. Jozi moja inayozunguka katika ukoo ni bora kuliko jozi nne kubwa zinazongoja miguu ikue.

Neno la mwisho ni la watu wazima, kwa maana siku hizi wako hata kina baba na kina mama wanaojaribu mchezo huu. Ganzi ya kiatu huondoka baada ya dakika chache kiatu kikivuliwa. Ikiwa inakaa mpaka kesho yake, au vidole vimebadilika rangi, au mguu hauwezi kuinuka mbele, nenda hospitali. Na ikiwa ganzi inakujia bila ya kuvaa kiatu chochote, hasa katika miguu yote miwili na usiku, kapimwe sukari. Kisukari huua neva za miguu polepole, na mwenye maradhi hayo huweza kupata kidonda ndani ya kiatu asijue mpaka aone damu kwenye soksi. Mtu kama huyo asivae kiatu cha magurudumu kabla ya kuzungumza na daktari wake, na kila siku aikague miguu yake kwa macho.

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kiatu nacho ni hivyo hivyo. Muuzaji hakioni kinapobana, mama hakioni, na mimi ninayeandika hapa sikioni. Anayejua ni mwenye mguu peke yake, hata kama ana miaka 7. Akisema vidole havisikii, jambo la kwanza ni kufungua kamba. Maneno mengine, pamoja na mawaidha ya uvumilivu, yanaweza kungoja mpaka damu irudi vidoleni.